Vitanda tumepewa, magodoro je?

Wadau, leo naomba tuongee jambo ambalo halipendezi kuliongelea mezani. Kama uko kwenye chakula, malizia kwanza halafu urudi. Nataka kuongelea vidonda vya kulalia, vile vinavyompata mtu aliyelala upande mmoja siku nyingi bila kugeuzwa: mgongoni chini karibu na makalio, kwenye nyonga, kwenye visigino. Huku kwetu Mtwara ni nadra kukuta ukoo ambao haujawahi kuuguza kidonda cha namna hiyo, na kila ukoo una maelezo yake. Damu chafu, jini, mkono wa mtu, na ukiwabana sana wanakuambia ni kazi ya Mungu. Kazi ya Mungu mimi siibishii. Lakini hapa kuna kazi ya godoro pia, na hiyo nitaibishia mpaka mwisho wa makala hii.

Umewahi kuhudhuria hafla ya makabidhiano hospitalini? Ukiiona moja umeziona zote, anabadilika mgeni rasmi tu. Vitanda vimepangwa nje juani, magodoro bado yako kwenye nailoni, utepe umefungwa. Mfadhili anasoma hotuba, mganga mkuu anashukuru, mheshimiwa anakaa kidogo kwenye kitanda kwa ajili ya picha, makofi, soda. Jioni taarifa kwa vyombo vya habari inasema vimetolewa vitanda kadhaa "pamoja na magodoro yake". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yananikosesha usingizi. Magodoro gani? Sponji nzito au ile ambayo ukiipuliza inapepea? Nenda sokoni ukamwangalie mama anayemnunulia binti yake godoro la mbili na nusu kwa sita la kwenda nalo bweni. Atauliza nchi ngapi, atalibonyeza, atalinusa, atalikunja, atabishana na muuzaji nusu saa nzima. Hospitali inapokea magodoro kwa mkupuo na hakuna anayebonyeza hata moja.

Sasa tuelewane kwanza kidonda chenyewe kinatokeaje, maana bila hapo nitaonekana nagombana na sponji bure. Ukilala chali, uzito wako unakaliwa na sehemu chache zenye mfupa uliokaribia ngozi. Nyama iliyo katikati ya mfupa na kitanda inabanwa. Mishipa midogo kabisa ya damu, ile myembamba kama uzi wa buibui, haina nguvu nyingi; vitabu vya udaktari tangu miaka ya 1930 vinataja shinikizo la takriban milimita 32 za zebaki, wakati presha ya juu ya mtu mzima mwenye afya inazunguka kwenye 120. Kwa hiyo haihitaji mzigo mkubwa kuifunga mishipa hiyo. Ikifungwa, damu haifiki, nyama inakosa hewa na chakula, inaanza kufa. Mimi na wewe hatupati vidonda kwa sababu usingizini tunajigeuza mara nyingi bila hata kujua. Aliyevunjika uti wa mgongo hasikii maumivu ya kumwambia ageuke. Aliyepigwa na kiharusi anasikia, lakini mwili haumtii. Aliyefungwa mguu ulioning'inizwa na mawe anasikia na anaweza, ila amekatazwa.

Saa chache tu zinatosha kuanzisha balaa. Na ubaya wake ni kwamba mara nyingi linaanzia ndani, karibu na mfupa, ndiyo linapanda juu. Siku unayoona tundu dogo la sarafu kwenye ngozi, chini yake kunaweza kuwa na pango. Ongeza jasho la joto letu la Desemba, ongeza mkojo, ongeza shuka lililokunjamana, ongeza ndugu wawili wanaomvuta mgonjwa kwa makwapa kumpandisha juu ya mto: ngozi inabaki imegandia shuka huku mfupa unateleza, mishipa inachanika humo katikati.

Jambo hili halichagui masikini. Christopher Reeve, yule mwigizaji wa filamu za Superman, alianguka na farasi mwaka 1995 akapooza kuanzia shingoni. Alikuwa na pesa, wauguzi wa kumwangalia usiku na mchana, na vifaa ambavyo sisi tunaviona kwenye televisheni. Oktoba 2004 alifariki baada ya moyo kusimama, wakati akitibiwa maambukizi yaliyotokana na kidonda cha kulalia. Nimemtaja makusudi, kwa sababu kuna watu watasema "hayo ni ya hospitali zetu hizi". Hapana. Ni ya mwili wa binadamu. Tofauti ni kwamba wenzetu walishajua adui ni nani na wakaamua kupambana naye. Mwaka 1832 daktari wa Uskoti, Neil Arnott, alitengeneza kitanda cha maji kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii. Watu wa starehe walikuja kukigeuza fasheni baadaye sana. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, alikabidhiwa kituo cha waliovunjika uti wa mgongo pale Stoke Mandeville, Uingereza. Enzi hizo askari aliyepooza alihesabika marehemu mtarajiwa. Vidonda na maambukizi ya mkojo vilimmaliza. Guttmann aliweka amri kwamba wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa anapita usiku kuhakikisha. Wale askari wakaishi. Wakaishi mpaka wakaanza michezo, na ile michezo ndiyo baadaye ikazaa Paralimpiki. Hivyo basi kabla ya medali kulikuwa na kugeuzwa kitandani.

Turudi nyumbani. Mtaa wa nyuma yetu hapa Ufukoni aliishi fundi seremala mmoja, jina nalihifadhi. Nusu ya vitanda vya mtaa ule alivitengeneza yeye. Akapata kiharusi, akalazwa hospitali moja ambayo pia naomba nisiitaje, akakaa siku 11 kwenye godoro ambalo ukiweka mkono unagusa chuma. Kiharusi chenyewe kilikuwa kinaelekea pazuri. Maneno yalianza kurudi, mkono ulianza kushika kikombe. Ila alirudi nyumbani na tundu mgongoni, na halikufunga tena. Likatoa harufu, homa ikawa inapanda na kushuka, chakula kikamshinda, na mwezi wa nne akaondoka. Mjane wake huwa anasema kiharusi walikuwa wameshaanza kukizoea, kidonda ndicho kilichowashinda. Msibani watu walizungumza habari za presha. Godoro halikutajwa na mtu.

Kuna watakaosema suluhisho lipo, tununue yale magodoro ya upepo yenye pampu ya umeme. Nayajua. Yana vifuko vingi vilivyopangwa kama mikate, pampu inajaza hivi inapunguza vile, baada ya dakika kadhaa inabadilisha, ili sehemu moja ya mwili isibanwe muda wote. Ni kifaa kizuri, na kwa mgonjwa ambaye hawezi kabisa kugeuzwa au ameshatoboka vidonda vikubwa, kina nafasi yake, hasa chumba cha wagonjwa mahututi. Lakini kama mtu anataka kuleta makontena ya pampu Mtwara, mimi nitamwomba tukae tuongee.

Kwanza umeme. Ndiyo, gesi inatoka hapa kwetu Mnazi Bay, iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam. Yaliyotokea hapa mjini mwaka 2013 kwa ajili ya bomba hilo hakuna asiyeyakumbuka. Pamoja na yote hayo, bado kila duka la mtaani linaweka mishumaa. Umeme ukikatika, mengi ya yale magodoro ya bei ya chini yanapungua upepo, na mgonjwa anashuka taratibu mpaka anafika kwenye chuma. Hospitali kubwa ina jenereta. Mgonjwa aliyesharuhusiwa kwenda Msimbati au Mahurunga, kule karibu na mdomo wa Ruvuma, hana. Halafu vifuko vinatoboka. Spea zinatoka wapi? Kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 500, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zile, barabara ilikatika kule Somanga na safari zikasimama. Pampu iliyoharibika itawekwa stoo "kusubiri fundi", na stoo za hospitali zetu tunazijua.

Pili, na hapa ndipo penye habari yenyewe, wenye uwezo wa kununua pampu wamelipima swali hili. Uingereza ulifanyika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, wagonjwa zaidi ya 2,000 wa hospitali mbalimbali, nusu wakalazwa kwenye magodoro ya pampu, nusu kwenye magodoro ya sponji ya kiwango cha juu. Tofauti ya waliopata vidonda ilikuwa ndogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba pampu ilishinda. Lakini kati ya sponji nzuri na yale magodoro ya kawaida ya hospitali, ushahidi umekuwepo miaka mingi: sponji nzuri inapunguza vidonda.

Sponji nzuri ni ipi? Siyo lazima liwe godoro nene kuliko yote dukani. Ni sponji nzito, mara nyingi ya matabaka, la juu laini linalofuata umbo la mwili na la chini gumu zaidi linalozuia mtu asizame mpaka kwenye chaga. Ganda lake linanyumbulika pande zote, halipitishi mkojo ila linaruhusu mvuke wa jasho kutoka. Ile plastiki ngumu iliyokazwa kama ngoma, tunayoiona wodini, inafuta faida yote ya sponji iliyo chini yake, maana mgonjwa hazami hata kidogo, anaelea juu ya ngoma huku anachemka. Na sponji inazeeka. Godoro lililolaliwa usiku na mchana kwa miaka linakuwa na bonde katikati, pale pale mifupa ya makalio inapokaa.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, wa Marekani na Kanada, ulichapishwa mwaka 2013. Walichukua wazee zaidi ya 900 wanaoishi kwenye nyumba za kulelea wazee, wote wakalazwa kwenye sponji nzito, halafu wakagawanywa: wengine wageuzwe kila saa 2, wengine 3, wengine 4. Vidonda havikutofautiana. Wazee wale walikuwa na wahudumu wanaowakagua kila mara, kwa hiyo siyo ruhusa ya kulala usingizi wa pono. Lakini piga hesabu. Kila saa 2 ni kumgeuza mtu mara 12 kwa siku. Kila saa 4 ni mara 6. Na nani anageuza? Wodini usiku unakuta muuguzi mmoja na wagonjwa wamejaa mpaka kwenye korido, anayegeuza ni ndugu. Nyumbani ni mama, dada, mke, binti aliyeachishwa shule kwa muda ambao hauishi. Mtu anaamka saa 6, saa 8, saa 10 usiku, na alfajiri kuna maji ya kuchota. Watu wakichoka wanaruka zamu moja, halafu mbili, na siyo kwamba hawampendi mgonjwa. Godoro zuri linampa huyu binti usingizi. Hilo peke yake lingenitosha kulidai.

Nani hasa analala muda mrefu hivyo hapa kwetu? Vijana wa bodaboda. Wakwezi wa minazi, na watoto waliopanda miembe. Utafiti wa KCMC Moshi uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu majeraha ya uti wa mgongo huko kaskazini ulikuta kuanguka ndiko kunakoongoza, ajali za barabarani zinafuata. Sioni kwa nini pwani yenye minazi kama yetu iwe pungufu. Kisha wazee wa kiharusi, na akina bibi waliovunjika nyonga kwa kuteleza bafuni. Wengine wanapelekwa MOI pale Muhimbili, na safari yenyewe, siku nzima juu ya ubao mgumu wa machela, inaweza kuwa ndiyo siku kidonda kilipoanza.

Kitu kingine kinachoniudhi ni vitabu. Vingi vinasema dalili ya kwanza ni ngozi kuwa nyekundu. Nyekundu ya nani? Kwenye ngozi ya Mmakonde wekundu huo utausubiri mpaka kidonda kitoboke. Marekani tafiti zimeshaonyesha kwamba watu weusi vidonda vyao huwa vinagunduliwa vikiwa vimekwenda mbali zaidi. Kwetu sisi angalia sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi kuliko jirani yake au yenye rangi ya zambarau. Weka mgongo wa mkono: imekuwa ya moto, au ya baridi kuliko upande wa pili? Bonyeza polepole: imekuwa ngumu, au inabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi? Mgonjwa anayesikia akisema panauma, mwamini. Ukiona hivyo, mwondoe hapo mara moja, asilalie tena mpahali hapo mpaka parudi kawaida.

Na tuache dawa za mtaani, nyingine zimeingia mpaka wodini. Glavu iliyojazwa maji na kuwekwa chini ya kisigino haisaidii, kisigino bado kimebanwa. Mto wa duara wenye tundu katikati ndiyo kabisa, unabana duara zima na kukata damu ya katikati. Kusugua kwa mafuta ya nazi mahali palipokwisha kubadilika rangi kunazidi kuchana mishipa. Kisigino dawa yake ni mto uliolazwa kwa urefu chini ya mguu, kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo, kisigino chenyewe kining'inie hewani. Ukimlaza ubavu usimsimamishe wima juu ya nyonga, mwinamishe nusu tu na mto mgongoni. Na ale. Samaki, mayai, kunde, mbaazi. Ming'oko ni mitamu na mimi ni mlaji wake mkubwa, ila peke yake haijengi nyama iliyokufa.

Tusidanganyane kwamba godoro linaponya. Linachofanya ni kuondoa kile kinachozuia kupona. Kidonda kidogo kikiondolewa mgandamizo, kikasafishwa, mgonjwa akala, mwili unajifunga wenyewe. Kilichofika kwenye mfupa kinataka wataalamu, pengine na upasuaji, na hata baada ya upasuaji ukimrudisha kwenye godoro lile lile la ngoma, umefanya kazi ya kujaza maji kwenye pakacha.

"Wewe kijana, dawa zenyewe hazitoshi, unaleta habari za magodoro?" Nimeambiwa hivyo na mzee mmoja ninayemheshimu. Shikamoo mzee, lakini tuhesabu pamoja. Kidonda kikubwa kinakaa miezi. Kila siku gozi, glavu, dawa ya kusafishia, mara kwa mara antibaotiki za sindano, na kitanda kimekaliwa na mtu ambaye ugonjwa uliomleta umeshaisha. Godoro moja la sponji nzuri linalalisha wagonjwa wengi kabla halijachoka. Anayebana pesa ndiye anayepaswa kulitaka.

Wala sidai miujiza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, na magodoro ya kupunguza mgandamizo yamo, pamoja na mito ya viti vya magurudumu. Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Tuna hospitali ya mkoa Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mikindani iliyozinduliwa rasmi mwaka 2023 baada ya kuisubiri miaka mingi. Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa korosho na ushuru wa huduma kwenye gesi. Ninachotaka ni tangazo la zabuni liache kuandika "magodoro" likanyamaza. Liandike uzito wa sponji kwa kilo kwa mita ya ujazo, unene, aina ya ganda, na lini yatakaguliwa. Mfadhili akija na vitanda apewe karatasi hiyo hiyo. Siyo lazima wodi nzima. Anzeni na majeruhi, wodi za wazee na wa kiharusi. Kisha yawepo machache ya kuazimisha, mgonjwa wa Kilambo akiruhusiwa aondoke nalo kama anavyoondoka na magongo, alirudishe akishasimama, au ndugu walirudishe. Mchomo wa pesa zenyewe ungeweza hata kubaki hapa hapa: halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, na mafundi cherehani wa Mtwara hawashindwi kushona ganda wakipewa kitambaa na kipimo sahihi.

Wakati tunasubiri zabuni, kuna kipimo cha bure. Ukienda kumwona mgonjwa, akiwa ameinuliwa au amekaa kitini, kunja ngumi zote mbili, ziegemee katikati ya godoro pale anapokaliza makalio, uziegemee kwa uzito wa mwili wako. Ukigusa chaga au chuma, hata yeye amekigusa usiku kucha. Mwambie muuguzi wa zamu, kwa adabu, hilo godoro libadilishwe leo. Na kama siku hiyo kuna hafla na mgeni rasmi yupo uwanjani na utepe wake, mwombe naye akunje ngumi kabla ya kupiga picha.